UZI: Big Ten 2025, nani atatisha upande wa ulinzi? Mimi namweka Caleb Downs, njooni mnipinge

Mzee wa High Street (Columbus, Ohio)

Wakuu kwema? Msimu wa mpira wa Kimarekani wa vyuo ndo huo unafunguka wikiendi ya mwisho ya Agosti na kila mwaka kazini nabishana na watu wale wale, sasa mwaka huu nimeona ubishi niulete kwa wenye lugha yangu maana najua mmejaa, Columbus mpo, Minneapolis mpo, Indianapolis mpo, na nyie wa Dar mnaokesha na strimu za magendo msijifanye hamhusiki.

Ligi ni Big Ten. Timu 18 tangu mwaka jana walipoingia Oregon, Washington, USC na UCLA, jina la ligi msiniulize. Stori za makwotabeki, wale warusha pasi, sitaki kwenye uzi huu, wale wana mashabiki wao na mapovu yao. Nataka wazee wa kazi chafu, upande wa ulinzi, nani mwezi wa kumi na mbili atakuwa amebeba tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi wa ligi, na nani atakuwa bora kweli hata asipobeba. Hivyo ni vitu viwili tofauti na ndo kiini cha uzi wangu.

Kwa wageni haraka haraka: mbele katikati kuna mabonge ya kilo 140 na kupanda, kazi yao kuziba njia. Pembeni yao wapo warefu wenye mbio wanaomkimbiza kwotabeki. Nyuma yao malainbeka, hao wanaangusha kila anayepita na mpira. Nyuma kabisa makonabeki na masefti wanalinda pasi. Saki ni pale unapomwangusha kwotabeki kabla hajaachia mpira, na mkimwangusha wawili mnagawana, kila mtu nusu, ndo maana mtaona mtu ana saki 8.5 msishangae.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya kwenye utabiri ni kuchukua orodha ya mwaka jana, anaangalia nani alikuwa na saki nyingi, anamwandika huyo huyo, kwisha habari. Haiendi hivyo kabisa. Carl Nassib wa Penn State aliingia chuo bila hata skolashipu, alikuwa hajaanza mechi hata moja ya chuo, 2015 akapewa nafasi akamaliza na saki 15.5, nchi nzima hakuna aliyemfikia, tuzo ya ligi akabeba. Nani alimtabiri? Hakuna. Halafu chukua upande wa pili, Odafe Oweh, Penn State hao hao, msimu wa 2020 ule wa korona kacheza mechi saba ana saki SIFURI, na Baltimore Ravens wakamchukua raundi ya kwanza namba 31 kwenye drafti, pale timu za kulipwa za NFL zinapochagua vijana wa vyuo. Wale walikuwa wanaangalia video sio karatasi ya takwimu. Mtu anafika kwa kwotabeki kachelewa robo sekunde, mpira umeshatoka lakini umetoka vibaya, umenaswa na mwenzake, karatasi inaandika jina la mwenzake.

Na kuna ile ya Jadeveon Clowney, huyu si wa Big Ten alikuwa South Carolina ila aliyeumia ni mtu wetu. Tarehe 1 Januari 2013, Outback Bowl, Michigan wanatoa mpira kwa Vincent Smith, jamaa hata hajaushika vizuri Clowney kashafika, hakuna aliyemgusa njiani, helmeti ikaruka nyuma, mpira ukadondoka, Clowney akauokota kwa mkono mmoja. Msimu ule alikuwa na saki 13. Msimu uliofuata kila mtu kamwandika namba moja, akamaliza na saki 3. Tatu! Timu zilikuwa zinamwekea watu wawili mpaka watatu na mpira unapelekwa upande asiokuwepo. Na bado 2014 akawa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya NFL. Kwa hiyo ukiniuliza alishuka kiwango, nakujibu hapana, aliogopwa.

Mimi kitu cha kwanza naangalia nani ameondoka pembeni yake. Aidan Hutchinson 2021 pale Michigan alipiga saki 14, rekodi ya chuo, akawa wa pili kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, lakini upande wa pili alikuwa David Ojabo, mzaliwa wa Port Harcourt aliyekulia Aberdeen kule Scotland, mpira wenyewe kauanzia sekondari Marekani, msimu ule kapiga saki 11 na kabla ya hapo hakuwa na jina. Sasa hapo unamziba nani unamwacha nani? Wote wawili wakanufaika. Ukiona mtu anasifiwa halafu mwenzake ameondoka, shusha matumaini.

Cha pili kocha wa ulinzi. Mwaka huu hapa pana vituko kwelikweli, Jim Knowles aliyetengeneza ulinzi wetu Ohio State tukabeba ubingwa wa nchi Januari, kahamia Penn State, wapinzani wetu hao hao. Sisi tumemleta Matt Patricia, mzee wa NFL, alikuwa New England Patriots enzi za makombe halafu Detroit akawa kocha mkuu ikamshinda.

Cha tatu wapiga kura. Hapa ndo roho inaniuma. Tuzo hii inaitwa Nagurski–Woodson na ipo tangu 2011. Hesabuni wenyewe waliobeba mpaka 2024: Devon Still, John Simon, Chris Borland, Joey Bosa, Nassib, Jabrill Peppers, Josey Jewell, Devin Bush, Chase Young, Daviyon Nixon, Hutchinson, Jack Campbell, Johnny Newton, Abdul Carter. Watu wa mbele na malainbeka watupu. Peppers ndo kidogo alikuwa huku na huku. Sefti halisi hajabeba hata mmoja na konabeki hajabeba hata mmoja, na tuzo nusu ya jina lake ni la Charles Woodson, konabeki!

Pamoja na hayo yote namweka Caleb Downs, sefti, Ohio State, jezi namba 2. Alabama 2023 akiwa mwaka wa kwanza aliongoza timu nzima kwa kuangusha watu, 107, kitu ambacho mwaka wa kwanza hakuna aliyewahi kukifanya pale. Kocha wao Nick Saban akastaafu, Downs akaja kwetu. Mwaka jana wakati timu imejaa mastaa yeye ndo alikuwa anawapanga, na kwenye mechi ya Indiana akapokea panti, ule mpira wapinzani wanaoupiga teke kuurudisha mbali, akakimbia nao yadi 79 mpaka ndani. Mkiangalia mechi yetu ya kufungua msimu na Texas msiangalie mpira, mwangalieni yeye kabla mpira haujatoka kwa senta, yule anayeuanzisha: anasimama mbali kabisa nyuma, kwotabeki anamsoma, halafu sekunde ya mwisho anashuka, au anajifanya anashuka anarudi. Kwotabeki anayejua anachofanya anamtafuta Downs kwanza ndo anawatafuta watu wake.

Wengine kwenye timu yangu ya utabiri nitawaweka huko chini tukibishana. Karibuni.

---

Tajiri wa Mkeka

Mkuu uzi umeshiba ila umejijibu mwenyewe halafu ukageuka. Umetuorodheshea washindi 14 hakuna sefti halafu unamweka sefti 😂 Mimi pesa yangu siweki kwenye mapenzi. Dani Dennis-Sutton, Penn State, namba 33. Mwaka jana ana saki 8.5 akiwa nyuma ya kivuli cha Abdul Carter, Carter kaenda Giants namba tatu kwenye drafti, sasa DDS ndo bosi wa nyumba. Na kocha ni huyo Knowles wako. Angeweza kwenda NFL akaamua kurudi kumaliza, mtu wa namna hiyo anarudi na njaa.

---

Mzee wa High Street

Tajiri soma tena pale nilipoandika kuhusu mwenzake kuondoka. Mwaka jana Carter ana saki 12 na timu zinampelekea watu wawili, DDS anabaki na mtu mmoja anamla. Mwaka huu watu wawili ni wake. Simkatai, kwenye timu yangu ya kwanza yumo, ila saki 8.5 kufika 14 bila Carter sioni. Atafanya kazi nzuri kuliko mwaka jana na karatasi itaonyesha ile ile au pungufu, halafu mtasema ameshuka.

---

fundi simu Mbagala

Samahanini wakuu mie mgeni, hawa ni wanafunzi kweli au ni jina tu? Maana naona mmetaja mtu kahama Alabama kaenda Ohio kama Chama anavyohama

---

Mzee wa High Street

Fundi karibu sana. Wanafunzi kweli, darasani wanaingia, ila siku hizi usajili ni wazi, mtu anahama na anacheza msimu unaofuata bila kukaa benchi. Na tangu Julai mosi mwaka huu vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kila chuo bajeti kama dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wote, baada ya ile kesi ya wanamichezo kudai malipo kumalizwa mahakamani. Kwa hiyo utabiri umekuwa mgumu mara mbili, zamani ulikuwa unajua fulani alikuwa akiba mwaka jana sasa zamu yake, siku hizi unakuta zamu yake kachukua mgeni.

---

NyamburaMN

Wueh, huu uzi wote na hakuna mtu ametaja Koi Perich?? Mko serious kweli. Mimi niko huku Brooklyn Park miaka yote hii baridi inatupiga na kitu kimoja tu kizuri tumepata ni huyu kijana, wa hapa hapa Minnesota, ametoka Esko, kamji kadogo kule karibu na Duluth. Mwaka wa kwanza chuoni pasi TANO amenasa. Na anarudisha mapanti pia kama huyo Downs wenu. Sasa Mzee, ukisema sefti anaweza kubeba tuzo, kwa nini awe wenu tu, wetu ana mbaya gani?

Na btw Ohio State si mko na Kenyatta Jackson Jr. pale pembeni, huyo Wakenya tunamdai, mtuletee 😂

---

Mzee wa High Street

Dada Nyambura 😂😂 Kenyatta chukueni ila msimu ukiisha, mwaka huu tuna shida naye. JT Tuimoloau na Jack Sawyer wote wameondoka, Tyleik Williams na Ty Hamilton katikati wameondoka, kati ya kumi na moja walioanza mwaka jana kwenye ulinzi wamebaki watatu tu, Downs, Sonny Styles na Davison Igbinosun. Kenyatta lazima aamke.

Perich ni mtu hasa na wala sibishi. Ninachoogopa ni kunasa pasi kwenyewe. Hiyo namba ndo haitabiriki kuliko zote. Angalia Dillon Thieneman, alikuwa Purdue, 2023 mwaka wa kwanza kanasa pasi sita, mwaka uliofuata hakunasa hata moja. Ni yule yule, miguu ile ile, ila makwotabeki walishajua jina lake wakawa hawarushi upande wake, na Purdue yenyewe ilikuwa hoi timu zikiongoza zinakimbia tu na mpira. Sasa Thieneman yuko Oregon, ana watu wa mbele wanaomsukuma kwotabeki arushe haraka, mimi naona mwaka huu zinarudi. Perich mtegee, pasi zikipungua msimlaumu.

---

NyamburaMN

Sawa nimekuelewa ila bado ni Perich. Tutaonana tarehe 4 Oktoba tukikuja hapo Columbus.

---

Jirani wa Ann Arbor

Ndugu zangu naona Ohio State mnajipangia wenyewe kama kawaida, mlishasahau sisi Michigan tulivyowapiga 13-10 Novemba mwaka jana, nyumbani kwenu. Haya.

Mimi naleta jina moja ambalo sisi wa Afrika Mashariki inabidi tulijue wote, Ernest Hausmann, lainbeka wa Michigan. Kazaliwa Uganda, akachukuliwa mtoto na familia ya Nebraska, mji unaitwa Columbus pia lakini si ule wenu. Akaanza chuo Nebraska, akahamia Michigan, na mwaka jana ndo aliongoza timu kwa kuangusha watu, 89. Mimi ni wa Masaka huyu namuita mtoto wa nyumbani. Na tarehe 20 Septemba Michigan wanaenda Lincoln kucheza na Nebraska, pale alipoanzia, watu wa kwao wamekaa jukwaani. Niambieni nyie kama hiyo mechi hatamlaza mtu chini.

---

Hoosier wa Tabora

Jirani hii sikuijua aisee, kumbe Mganda. Nimempenda bure.

---

Mzee wa High Street

Hausmann namheshimu pamoja na jezi aliyovaa. Ila nikupe angalizo la kiufundi. Mbele yake mwaka jana walikuwepo Mason Graham na Kenneth Grant, yule Grant ni kama kilo 150 na ana mbio. Wote wawili wameondoka raundi ya kwanza, Graham namba 5 Browns, Grant namba 13 Dolphins. Kazi ya yale mabonge ni kwamba kila mmoja anashikwa na watu wawili, hivyo lainbeka nyuma anabaki msafi hakuna anayemgusa, anaona njia anashuka anamaliza. Mabonge yakipungua ukali, wale walinzi wa kwotabeki wa kilo 140 wanapita moja kwa moja mpaka kwa lainbeka. Inawezekana kabisa Hausmann akaangusha watu WENGI kuliko mwaka jana, labda mia na zaidi, na ulinzi wa Michigan ukawa mbovu kuliko mwaka jana. Maana anawaangusha baada ya yadi sita badala ya mbili. Hii ndo shida ya hesabu ya kuangusha, haisemi umemwangusha wapi.

Iowa nao hivyo hivyo ila kwa uzuri. Pale kwa Phil Parker lainbeka wa kati anakusanya tu. Jay Higgins 2023 aliangusha watu 171. Kabla yake Campbell, kabla yake Jewell. Higgins kamaliza chuo, wekeni yeyote pale kati atafika mia. Mfumo umejengwa mpira umwangukie yeye.

---

Hoosier wa Tabora

Na sisi Indiana je? Au mnadhani mwaka jana ilikuwa ndoto? Timu ilitoka 3-9, yaani ushindi 3 vipigo 9, ikamaliza msimu wa kawaida 11-1, Curt Cignetti kaja na wachezaji wake kutoka James Madison, watatu wa ulinzi ndo walibeba jahazi: Aiden Fisher lainbeka kaangusha 118, Mikail Kamara saki 10, na D'Angelo Ponds konabeki. Na wote watatu WAMERUDI. Mzee kanuni yako ya "nani kaondoka pembeni yake" ukiitumia kwetu jibu ni hakuna. Hao wameshacheza pamoja vyuo viwili na kocha yule yule. Kwa hesabu zako mwenyewe basi Kamara anatakiwa awe juu.

---

Tajiri wa Mkeka

Hoosier kamkamata Mzee 😂 tunasubiri majibu

---

Mzee wa High Street

Hajanikamata, kanisaidia. Kamara nimemweka timu ya kwanza tangu Julai. Na Ponds kwangu ndo konabeki bora wa ligi nzima, mfupi kweli, ila mwangalie mikono pasi inapofika, hamgusi mtu mapema, anasubiri mpira ufike ndo anaupiga. Marefa hawampati.

Wasiwasi wangu Indiana ni ratiba. Mwaka jana hamkukutana na wengi wazito. Mwaka huu mnakwenda Oregon Oktoba 11, na Illinois wanakuja kwenu Septemba 20, na Illinois si wale wa zamani, yupo Gabe Jacas kule pembeni, kapiga saki 8 mwaka jana, huyo nyie mnaotafuta jina la kushtukiza andikeni. Kamara akipiga saki mbili Eugene, nyumbani kwa Oregon, mbele ya nchi nzima tunaongea lugha nyingine.

Haya timu yangu hiyo hapo: pembeni Dennis-Sutton na Kamara, na Matayo Uiagalelei wa Oregon akiwa wa tatu kwa unywele, mwaka jana saki 10.5 na bado watu wanamwita mdogo wake DJ, yule kaka yake kwotabeki. Katikati nampa Zane Durant wa Penn State, mdogo kwa bonge ila anapenya kabla hujamwona. Lainbeka Fisher na Sonny Styles. Styles mkimwona msishangae, alikuwa sefti wakamshusha kuwa lainbeka mwaka jana tu, akaangusha watu 100 msimu wa kwanza wa kujifunza. Makona Ponds na Igbinosun, Igbinosun apunguze kushika watu mashati basi. Masefti Downs na Thieneman. Perich wa tatu, dada Nyambura nisamehe.

---

Tajiri wa Mkeka

Wachezaji watatu wa Ohio State. Tulijua.

Ila bado hujajibu swali langu. Sefti anabebaje tuzo? Namba atazitoa wapi? Pasi wamrushie hawatamrushia, umesema mwenyewe.

---

Mzee wa High Street

Atabeba kwa sababu ya hao wanane walioondoka. Mwaka jana ulinzi wetu uliruhusu chini ya pointi 13 kwa mechi, wa kwanza nchi nzima, na sifa ziligawanywa kwa Sawyer, kwa Tuimoloau, kwa kila mtu. Sawyer na ile mechi ya Texas ya Januari, kaokota mpira kakimbia yadi 83, nani atamkumbuka sefti usiku ule? Mwaka huu ulinzi ukiwa mzuri tena, na watu ni wapya na kocha mpya, wapiga kura watauliza imewezekanaje, na jina watakaloliona ni moja. Ulinzi ukibomoka basi, habeba, DDS wako achukue. Lakini mimi namwona Patricia anamtumia kila mahali, leo sefti, kesho yuko na malainbeka, keshokutwa anamlinda mpokeaji wa ndani. Na kuangusha atapata, maana mbele ni wapya kuna mipira itapita tu.

---

Jirani wa Ann Arbor

Kwa hiyo unaomba mbele yenu pawe pabovu kidogo ili Downs apate kazi 😂😂 nimeipenda hii, na iwe hivyo tarehe 29 Novemba mkija kwetu.

---

Tajiri wa Mkeka

Mimi nimeshasema DDS. Novemba mosi Penn State wanakuja hapo Columbus, tukutane humu baada ya mechi, mwenye kukimbia uzi tunamtag.

---

fundi simu Mbagala

Nimesoma yote nimeelewa kama nusu ila nimenogewa. Hiyo ya Texas ni saa ngapi kwa huku bongo wakuu?

---

Mzee wa High Street

Jumamosi tarehe 30, saa sita mchana huku kwetu, bongo saa moja usiku, hata usingizi hukosi. Ile ya Michigan mwisho wa Novemba saa zinakuwa zimerudi nyuma huku, kwa hiyo mechi ya mchana huo huo kwenu inakuwa saa mbili. Jezi nyekundu namba 2. Kwotabeki wa Texas ni Arch Manning, watangazaji watamtaja yeye kila dakika, wewe zima sauti.